Kitambaa cha kijani: zima oto kwanza

Mahojiano yangu ya kwanza mbele ya kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukiondoa baadaye ili uweke picha nyingine nyuma ya mtu, niliyarekodi kwenye chumba cha kupanga huko Ntinda, Kampala. Mgeni alikuwa mama mmoja, mwalimu wa Kiswahili, akaja na gomesi (vazi refu la akina mama wa Uganda) la kijani. Nilipomwonyesha kazi ilivyotoka, kichwa na viganja vinaelea juu ya picha ya ziwa, alicheka hadi akakaa chini: "Mwanangu, mabega yangu umeyapeleka wapi?"

Kosa la nguo dawa yake ni simu moja siku ya kuamkia kazi. Lililonisumbua zaidi lilikuwa ndani ya kamera, maana nilikuwa nimeacha kila kitu oto, kamera ijiamulie yenyewe. Mama akiinama mbele, kamera inapunguza mwanga. Akirudi nyuma, inaongeza, na rangi nazo zinahama. Kijani cha dakika ya kwanza hakikuwa tena kijani cha dakika ya kumi. Programu ya kuhariri unaionyesha kijani kimoja ikiondoe. Kikibadilika njiani, inabidi ukate video vipandevipande na kila kipande ukianze upya. Nilikesha.

Kwa hiyo wewe unayeanza, zima oto: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), fokasi, waiti balansi (kamera inavyotambua nyeupe), vyote. Waiti balansi iseti kwa karatasi nyeupe, ukiishika palepale atakapokaa mgeni, chini ya taa zilezile. Pazia la dirisha lifungwe.

Shata, yaani muda ambao kila fremu (picha moja ya video) inapokea mwanga, ndiyo inayowachanganya wengi. Video za mafunzo kutoka Marekani zitakuambia fremu 30 kwa sekunde na shata 1/60 ya sekunde, kwa sababu umeme wao ni hezi 60. Wetu Uganda ni hezi 50, na taa inayotegemea umeme huo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukiweka 1/60 chini ya balbu za bei rahisi, utaona mistari ikipanda kwenye kitambaa. Weka fremu 25, kisha shata 1/50 au 1/100. Mimi huchukua 1/100, kwa sababu watu wetu huongea kwa mikono: kwa 1/50 mkono unaopita haraka unakuwa ukungu uliochanganyika na kijani, na ukungu huo haukatiki vizuri. Gharama yake ni kwamba mwanga unapungua nusu, basi sogeza taa karibu. Na umeme ukikatika mkawasha jenereta, angalia tena. Jenereta ndogo mwendo wake hautulii, mistari inaweza kurudi hata kwa 1/50. Hapo taa za betri ndizo mkombozi.

Usikimbilie kupandisha ISO eti mgeni ni mweusi sana. Mpe taa. ISO ikipanda huleta chenga (vidoadoa kwenye picha), na chenga kwenye ukingo wa nywele, hasa afro, hufanya kichwa kionekane kimetafunwa na panya. Punguza pia ile setingi ya kunoa picha ndani ya kamera. Huchora mstari mwembamba kuzunguka mtu, na mstari huo hubaki hata kijani kikishaondoka. Mitindo ya logi (picha iliyofifia inayongoja kurekebishwa rangi baadaye) iache kwanza, utairudia ukishazoea.

Tundu la lenzi, f/4 au f/5.6. Wapenda f/1.8, tundu pana linalotia ukungu kila kisicho kwenye fokasi, watanichukia, lakini masikio yenye ukungu hayakatiki. Mgeni akae mita 2 au zaidi mbele ya kitambaa, la sivyo kijani kinamrukia shingoni. Kitambaa chenyewe cha Kikuubo, kule madukani Kampala, kinatosha, mradi haking'ai na umekipiga pasi.

Kuhusu faili: kamera nyingi za kawaida huhifadhi rangi kwa mtindo wa 4:2:0, yaani pikseli 4 zinagawana rangi moja. Kama yako ina 4:2:2 ya biti 10, inayohifadhi rangi nyingi zaidi, itumie. Kama haina, rekodi 4K, halafu toa kazi kwa 1080. Ukiipunguza hivyo kila pikseli inapata rangi yake. Ila kadi inajaa haraka: kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula GB 45.

Kabla mahojiano hayajaanza, rekodi sekunde 10 mgeni akigeuza kichwa na kupunga mkono, uziingize kwenye laptopu, uondoe kijani papo hapo. Yule mama tulimrudia wiki iliyofuata, safari hii na gomesi la zambarau. Kwenye jaribio nikaona tobo dogo kiunoni, ziwa likichungulia. Mshipi wake ulikuwa na ua la kijani. Akaugeuza nje ndani, akakohoa, tukaanza.