Laptop iliyotumika, Windows na Linux pamoja: futa yote, upange upya

Mdogo wangu, umesema laptop yako ni Dell Latitude iliyotoka Ulaya, umeinunua Kadutu, diski yake ya GB 500 ina patisheni (vipande vya diski) sita usizozielewa, na unataka Linux Mint ikae pamoja na Windows kwa sababu Sage ya darasani (programu ya uhasibu) haikubali Linux. Walionitangulia kukujibu wanakushauri upunguze patisheni ya Windows, usogeze zile nyingine, nafasi itakayobaki uipe Mint. Mimi natengeneza mashine hapa hapa Bukavu, na ningekwambia tofauti: futa diski yote, uipange kuanzia sifuri.

Sababu ni umeme. Kukata patisheni kwenye diski tupu ni kazi ya sekunde chache. Umeme ukienda katikati, unawasha tena na kuanza upya, hujapoteza kitu. Kusogeza patisheni iliyojaa ni habari nyingine. GParted, programu ya kupanga patisheni, inabeba kila kipande cha data na kwenda kukiandika mahali pengine, kwa masaa, na betri za laptop hizi mara nyingi zimeshachoka. Kuna mteja wa Nyawera aliyeniletea yake ikiwa imezimika katikati ya kazi hiyo. Nusu ya data ilikuwa imeshahamia, nusu imebaki kwa zamani, na picha za harusi ya dada yake zilikuwa humo humo. Zako ziko wapi? Mashine umeinunua juzi, haina kitu chako. Usijitafutie balaa.

Leseni isikutie wasiwasi. Laptop iliyotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye, ufunguo wake kwa kawaida umeandikwa kwenye ubao mama, siyo kwenye diski. Weka aina ile ile ya Windows (Home au Pro), itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Ila kumbuka Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo Latitude nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo mambo ya intaneti ningeyafanya yote upande wa Mint, Windows niiachie Sage na basi.

Tafuta flashi mbili, moja ya Windows na moja ya Mint. Faili la Mint ni karibu GB 3, kwa hiyo wengi wananakiliana ili wasimalize mega za intaneti. Sawa, lakini lipime kwa sha256sum, amri inayotoa namba ya kutambulisha faili, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Faili lililoharibika njiani litakwamisha kila kitu, nawe utabaki kuilaumu diski.

Ukiwasha, bonyeza F12, na kwenye orodha chagua flashi iliyoandikwa UEFI (njia mpya ya mashine kuwaka). Fanya hivyo kwa flashi zote mbili. Ninaoletewa wakilia kwamba mfumo mmoja umemeza mwingine, mara nyingi waliweka Windows kwa njia ya zamani ya Legacy na Linux kwa UEFI, au kinyume chake.

Anza na flashi ya Mint, ingia bila kusakinisha. Kwanza rekebisha kibodi. AZERTY ya Ubelgiji si sawa na ya Ufaransa: kwa Wabelgiji alama ya @ ni Alt Gr na 2, kwa Wafaransa ni Alt Gr na 0. Ukichagua vibaya, nenosiri utakaloliandika siyo unalodhani. Jaribu pia wifi hapo hapo, kabla hujafuta chochote. Isipoonekana, unganisha simu kwa kebo na uwashe "partage de connexion". Mint inaipokea mara moja. Kisha fungua terminali uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN

Diski ya ndani itaonekana kama sda, 465,8G, na mwisho wa mstari sata. Flashi itakuwa sdb yenye usb. Hizo GB 34 hakuna aliyeziiba: kiwanda kinahesabu kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1024. Diski isipoonekana kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe) uangalie sehemu ya SATA. Dell nyingi huja na "RAID On". Iweke AHCI sasa, kabla Windows haijawekwa, maana ukibadili baadaye Windows inaweza kukataa kuwaka.

Sasa GParted. Hakikisha pale juu kulia ni /dev/sda, kisha Périphérique, Créer une table de partitions, chagua gpt. Usiache msdos, ile inaishia patisheni kuu nne. Kata patisheni moja tu mwanzoni: MiB 512, fat32, uipe alama za boot na esp. Hii ndiyo ESP, patisheni ambamo mifumo huanzia kuwaka. Windows ikijikatia yenyewe kwa kawaida huiwekea MB 100, na mifumo miwili ikigawana hapo panabana. Ikikuta ipo tayari, itatumia hiyo.

(Kufuta huku hakuondoi data za mwenye zamani, kunafuta ramani yake tu. Kwako inatosha. Siku utakapouza mashine ndipo uijaze sufuri. Diski ya kuzunguka ya GB 500 itachukua saa moja na nusu hivi.)

Windows itangulie. Kwenye "Espace non alloué" bonyeza Nouveau, andika 153600, yaani GB 150. Itajiongezea vipande vidogo vyake, usiviguse. Ikishawaka, fungua terminali kama msimamizi uandike powercfg /h off. Hiyo inaua "démarrage rapide", ambayo huiacha Windows nusu usingizini hata ukidhani umeizima, na Mint ikafungua patisheni zake kwa kusoma tu au ikakataa kabisa.

Kisha Mint: chagua "Autre chose", patisheni ya ext4 (muundo wa Linux) ya GB 60 kwa /, yaani makao ya Mint yenyewe, na ESP ile ile bila kuiformati. Swap (nafasi ya kusaidia RAM) usiikatie patisheni, itajitengenezea faili. Windows isipoonekana kwenye menyu ya GRUB, inayokuuliza uwashe mfumo upi, ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false ndani ya /etc/default/grub, halafu sudo update-grub.

Nafasi iliyobaki ifanye ya data, isomwe na mifumo yote miwili. Wengi watakwambia uipe muundo wa exFAT. Kwa umeme wetu mimi naweka NTFS, kwa sababu ina jarida la kumbukumbu linaloisaidia kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla, na exFAT haina.

Mwisho ni saa. Kwenye ramani ya Mint usibonyeze Kinshasa, wao wako nyuma yetu saa moja, chagua Lubumbashi. Hata hivyo ukirudi Windows utakuta saa imerudi nyuma masaa mawili, kwa sababu Linux huandika UTC (saa ya kimataifa) kwenye ubao na Windows inaisoma kama saa ya hapa. Ukiwa Mint andika timedatectl set-local-rtc 1, zitaelewana.