Muulize Shangazi: Hii ni ligi ama ni kazi ya kanjo?

SWALI: Shangazi habari yako, mi nimehamia Mathare mwezi wa tatu kutoka Kakamega na nina kijana wa miaka kumi na moja, kila Jumamosi ananisumbua anataka kwenda na wenzake kucheza mpira wa MYSA, hicho chama cha michezo cha vijana wa hapa Mathare. Mpira sina shida nao. Shida ni majirani, wananiambia huko watoto wanapewa reki na wilibaro wazibue mitaro ndio timu ipate pointi, sasa nikajiuliza hii ni ligi ama ni kazi ya kanjo, wale wafanyakazi wa jiji? Nani alianzisha hii kitu? Na wasichana wanachukuliwa? Manake kadada kake ka miaka tisa pia kamelilia kwenda.
Mama Watoto, Mathare

JIBU: Mama Watoto, hapo kwa kanjo umeniua na kicheko. Lakini majirani hawajakudanganya, pointi za takataka zipo na zimekuwepo miaka mingi.

Mwanzo wake ni 1987. Kuna Mkanada anaitwa Bob Munro, alikuwa hapa Nairobi na kazi zake za mazingira upande wa Umoja wa Mataifa, akapita huko Mathare akakuta watoto wanacheza na mpira wa majuala, ule wa kufunga na kamba, hawana refa hawana chochote, na hapo wanapochezea pamejaa uchafu. Ndio ikaanzishwa hiyo Mathare Youth Sports Association, lakini kwa masharti, na masharti yenyewe mpaka leo ndio haya: we ukifanya kitu MYSA nayo inafanya kitu, ukikaa tu nayo inakaa tu. Hakuna cha bure hapo.

Sasa mitaro. Wewe ni mgeni lakini ukiona mvua ya Aprili moja tu utaelewa, mtaro ukiziba na takataka maji yanaingia hadi chini ya kitanda, halafu wiki inayofuata watoto wanaharisha nyumba baada ya nyumba. Taka hazikuwa zinazolewa, basi ligi ikaamua kuzizoa yenyewe. Kushinda mechi ni pointi 3, timu kumaliza usafi ni pointi 6. Hebu piga hesabu mwenyewe, timu inaweza kuchapa wengine wiki mbili mfululizo na bado iko sawa tu na ile iliyoshika reki siku moja, kwa hivyo wale mastaa wanaojificha siku ya usafi wanajikuta chini ya jedwali wakishangaa.

Sitakuficha, kuna wakati hata mi niliona ni kama kuwatumikisha watoto wa watu. Nilibadilisha mawazo nilipojua wanaopanga hiyo ligi ni nani, ni vijana wenyewe wa mtaani, wanachaguana kwa kamati, wanasimamia timu za wadogo, wanakuwa makocha na marefa. Na ukijitolea unapata pointi zako binafsi, wanaofanya vizuri wanalipiwa karo, na pesa inaenda shuleni moja kwa moja si mkononi (hapo nawapa heko kabisa). Nidhamu pia wanaijua, uwanjani ni kapteni peke yake anaongea na refa, na kuna kadi ya kijani ya mchezaji mwenye roho safi, nayo ina pointi zake. Kule kwetu tulikua tunamkimbiza refa na mawe.

Wasichana wanachukuliwa, wako na ligi yao tangu 1992. Haikuwa rahisi, wazazi wengi walikataa kabisa, manake msichana akienda mpira nani ataosha vyombo na nani atabeba mtoto? Ilibidi wazazi waongeleshwe ndio wakalegeza kamba.

Habari za mastaa nitapitia haraka kwa sababu najua kijana wako ndio anaziota. Mwaka wa 1994 kukazaliwa timu ya wakubwa, Mathare United, ikachukua Moi Golden Cup 1998 na ligi kuu ya Kenya 2008, Dennis Oliech, yule mshambuliaji wa Harambee Stars, alipitia hapo. Watoto wa MYSA pia wameshaenda Oslo mara nyingi kwa mashindano ya Norway Cup. Lakini watoto waliopitia hiyo ligi ni maelfu kwa maelfu na Oliech ni mmoja, kwa hivyo usianze kuhesabu pesa ya uhamisho saa hii.

Mi nakushauri umwachilie. Jumamosi ya kwanza nenda naye, msalimie kocha, muulize siku ya usafi ni lini na glavu ziko, kama haziko mnunulie na umpe viatu vya zamani, asiingie mtaroni na ndala. Akirudi aoge na sabuni kabla hajagusa sufuria yako. Huyo wa miaka tisa muulizie ligi ya umri wake hapo hapo, na kama ni vyombo ndio vinamzuia, basi kaka yake aoshe nusu ndio watoke wote wawili mapema.