Nimepata 40 kwenye aljebra. Niache kozi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 41, mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wa tisa niko Houston. Nahudumia wazee zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Mwaka huu nimeanza chuo cha jamii ili baadaye nisomee uuguzi. Wameniandikisha College Algebra, na papo hapo wakaniongezea darasa jingine la hesabu siku zilezile, sijui kwa nini. Mtihani wa kwanza nimepata 40 kwa 100. Kidato cha nne hesabu nilipata F, na tangu hapo hesabu zangu ni za sokoni tu.

Mwanangu wa darasa la tisa anasoma mambo hayahaya na hayamsumbui. Naona aibu kumuuliza. Mume wangu anasema nijiondoe kabla ya tarehe ya mwisho, nisije nikapata F ya pili. Niache? Na hivi muuguzi ana haja gani na x? Nimekutumia karatasi ya mtihani pamoja na silabasi.

Mama wa Muheza, Houston

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Karatasi yako nimekaa nayo jioni nzima, mstari kwa mstari, maana hiyo 40 peke yake hainiambii kitu. Mstari uliopotelea ndio unaoniambia.

Maswali yalikuwa 20, kila moja alama 5. Umepata manane, umekosa 12. Mawili hukuyafikia, muda ulikwisha. Moja ni la jambo jipya kabisa, nitalirudia. Mawili umekosa kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Saba yaliyobaki hayana cha chuo ndani yake: ni mabano, alama ya kutoa na sehemu, mambo ya shule ya msingi. Saba mara tano ni 35. Ongeza juu ya 40 uone unafika wapi.

Tazama swali la tatu: 5 − 3(x − 2) = 17. Wewe umeandika 5 − 3x − 6 = 17, ukapata x = −6. Hapo ndipo ulipoanguka. Ile 3 nje ya mabano haiko peke yake, imebeba alama ya kutoa, na alama hiyo inaingia nayo ndani kwa kila aliyemo. Hasi 3 mara hasi 2 ni chanya 6. Kwa hiyo 5 − 3x + 6 = 17, yaani 11 − 3x = 17, na x = −2. Sasa rudisha −2 kwenye swali lenyewe: −2 − 2 ni −4, mara −3 ni 12, jumlisha 5 unapata 17. Imekubali. Rudisha na ile −6 yako uone inavyokataa. Kurudisha jibu kwenye swali kunachukua nusu dakika, na kungekuokolea maswali matatu, kwa sababu kosa hilihili umelifanya mara tatu.

Mara mbili umeandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9. Weka 1 mahali pa x. Upande wa kushoto ni 4 mara 4, yaani 16. Upande wa kulia ni 10. Haviwezi kuwa kitu kimoja. Mabano mawili yakizidishana, kila aliye huku anasalimiana na kila aliye kule: x² + 3x + 3x + 9. Hizo 6x za katikati ndizo ulizoziacha njiani.

Kwenye swali la 11, (x + 6) juu ya 6, umekata 6 kwa 6 ukabaki na x. Huwezi kukata kilichojumlishwa, unakata kilichozidishwa. Jaribu x iwe 6: 12 gawanya kwa 6 ni 2, siyo 6.

La saba ni kikokotoo kilichokuponza. Uliambiwa utafute thamani ya 2x² − 5x + 1 pale x inapokuwa −3. Ukabonyeza −3² bila mabano, mashine ikapiga mraba wa 3 kwanza ndipo ikaweka hasi, ikakupa −9. Ukamalizia na −2, wakati jibu ni 34. Namba hasi ukiiingiza kwenye kikokotoo, ivalishe mabano kila mara.

Sasa lugha. Mimi nilifundisha hesabu kidato cha pili Tanga kabla sijahamia huku, na leo nakaa kwenye chumba cha msaada wa hesabu katika chuo kimoja hapa Texas. Wanakuja watu wazima kutoka kwetu, kutoka Kenya, kutoka Kongo, na ninayoyaona kwako nayaona kila wiki. Darasa la saba tulifundishwa kwa Kiswahili: rahisisha, tafuta thamani, kokotoa. Kidato cha kwanza Kiingereza kikaingia kwa kishindo, na wengi hawakuambiwa lipi ni lipi. Swali la nane lilisema "simplify". Hiyo ni ile rahisisha yako ya darasa la saba. Ulikuwa na 3(x + 4) + 2(x + 1), ukafika vizuri kabisa kwenye 5x + 14, na hapo ndipo ilipokuwa inaishia. Wewe ukaongeza = 0 na kuanza kuitafuta x. Hakuna mlinganyo pale, hakuna x ya kutafuta. Neno "solve" ndilo linalokutaka utafute x. Andika maneno haya kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, kila moja na Kiswahili chake, na kabla ya kugusa swali lolote uliza kwanza: naambiwa nifanye nini? Uchungu wa hili naujua. Nimewahi kufundisha watoto wanaoweza hesabu vizuri sana wakafelishwa na kitenzi.

Lile jambo jipya ni f(x). Umeandika f(3) kama f mara 3. Ndugu yangu, f hapo siyo namba. Ni kama mashine ya kusaga: unamimina mahindi huku, unakinga unga kule. f(3) maana yake mimina 3 mahali pote penye x, kisha sema kimetoka nini. Basi. Muhula mzima utakuwa unakutana na mashine hizi za aina mbalimbali, za mstari ulionyooka, za mraba, za vipeo, mpaka zile za logi, yaani kinyume cha vipeo, kwa hiyo lielewe wiki hii.

Kuhusu madarasa mawili, hujaonewa. Bunge la Texas lilipitisha sheria mwaka 2017 ambayo inavitaka vyuo vya umma viwaweke wengi wa wanafunzi ambao hawakufikia alama za mtihani wa kuingilia kwenye kozi yenyewe ya chuo, huku wakipewa darasa la kuwasaidia palepale. Zamani ungewekwa kwenye hesabu za maandalizi muhula mmoja, miwili, hata mitatu, unalipa ada na hupati krediti hata moja, yaani zile pointi za kozi zinazohesabiwa kwenye shahada. Wengi waliishia hukohuko. Darasa lile la pili ndipo pa kupeleka makosa yako saba. Usikae nyuma.

Umeuliza muuguzi ana haja gani na x. Daktari kaandika miligramu 375 za dawa ya maji. Chupa inasema miligramu 250 kwa kila mililita 5. Unampa mgonjwa mililita ngapi? x kwa 5 ni sawa na 375 kwa 250, na x ni 7.5. Hapo x ni dawa inayoingia mwilini mwa mtu, na ukikosea hakuna wa kukupa nusu alama kwa kujaribu. Lakini sitakudanganya: logi hutaziona wodini. Kwa hiyo kabla ya muhula ujao nenda kwa mshauri wa masomo na mpango wa shahada yako mkononi, muulize programu ya uuguzi unayoilenga inataka kozi gani ya hesabu. Kwenye vyuo vya umma Texas kozi yako ni MATH 1314 na ya takwimu ni MATH 1342. Hiyo 1 ya mwanzo ni mwaka wa kwanza, 3 inayofuata ni krediti tatu. Programu nyingi za shahada ya uuguzi zinataka takwimu. Kama yako haiitaki 1314 kabisa, hilo ndilo la kuzungumza na mume wako. Hofu ya F isiwe ndiyo inayoamua.

Na tuipime hiyo hofu kwa namba. Silabasi yako inasema mitihani minne, kila mmoja asilimia 15, mazoezi ya nyumbani 15, mtihani wa mwisho 25. Huu mmoja umekupa 6 kati ya 15. Mazoezi naona uko kwenye 90 kwa 100, ukishikilia hapo ni 13.5. Unataka 70 ili upate C. Mitihani iliyobaki ina asilimia 70 za kozi. Iite x alama yako ya wastani kwenye hiyo iliyobaki:

6 + 13.5 + 0.7x = 70

Fanya mwenyewe. Utapata kama 72. Umeona? Swali lako lenyewe la kuacha au kutoacha ni aljebra, na unatakiwa upate 72, wakati bila yale makosa saba ungekuwa na 75 tayari.

Kujiondoa nako kuna bei. W, ile herufi inayoandikwa ukijiondoa, haiingii kwenye wastani wa alama, lakini inahesabika kama kozi uliyoianza usiimalize, na wanaotoa msaada wa fedha wanaiangalia. Tena Texas inamruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye vyuo vya umma kuacha kozi sita tu katika maisha yake ya chuo, isipokuwa kwa sababu maalumu. Usiitumie moja leo kwa ajili ya alama ya kutoa. Ushauri wangu: baki. Fanya mtihani wa pili, ambao kwa ratiba yako uko wiki mbili kabla ya tarehe ya kujiondoa. Ukipata chini ya 60 baada ya kurekebisha haya, niandikie tena, na nitakuwa wa kwanza kukwambia uondoke.

Mwanao muulize. Usimwambie "nifundishe", mwambie "nikague". Mfanyie swali mbele yake kwa sauti, kwa Kiswahili, naye akusimamishe unapokosea. Atajifunza Kiswahili cha hesabu, nawe utasikia Kiingereza chake. Sioni aibu iko wapi hapo. Neno lenyewe aljebra ni la Kiarabu, al-jabr, kurudishia kilichopungua. Al-Khwarizmi wa Baghdad aliyeandika kitabu chake karne ya 9 hakuwa na x wala y, aliandika kwa maneno matupu, na sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu za mirathi: fulani kafa, kaacha mke na watoto, kila mmoja apate ngapi. Watu wa Muheza hesabu hizo wanazijua tangu zamani.

Kitabu usinunue kabla hujauliza. OpenStax, wachapishaji wa vitabu wa Chuo Kikuu cha Rice hapohapo Houston, wana College Algebra nzima bure kwenye intaneti. Anza na sura ya kwanza, ile ya kurudia mambo ya msingi, ambayo wanafunzi wengi wanairuka. Usisome saa tatu asubuhi umetoka zamu macho mekundu. Lala kwanza. Dakika 40 ukiamka, kila siku, zinatosha kuliko Jumapili nzima.

Usiku wa leo, mapumziko ya saa nane, wazee wakiwa wamelala, chukua karatasi ufanye hili: 4 − 2(x − 5) = 20. Rudisha jibu kwenye swali, kisha nitumie picha. Nataka kuona mistari yote, hata ile unayoiona ya kitoto.