Rimu za RAV4 kwenye Forester: pima matundu kabla ya kulipa

Ndugu uliyeuliza kama rimu za Toyota RAV4 ulizoonyeshwa pale Kisekka, soko la vipuri la Kampala, zitaingia kwenye Subaru Forester yako ya mwaka 2006, jibu ni kwamba hazitaingia, hata muuzaji akiapa. Gari zote mbili zina nati tano kila gurudumu, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Duara linalopita katikati ya stadi zote tano (zile boliti zinazochomoza ambazo nati hufungwa juu yake) za Forester hiyo lina kipenyo cha milimita 100, ilhali la RAV4 lina milimita 114.3. Mafundi huandika 5x100 na 5x114.3, na kipimo chenyewe hukiita PCD.

Wewe una bahati, kwa sababu tofauti ya milimita 14 na ushee hujifichua pale pale unapojaribu kuvalisha rimu. Mimi niliponzwa na milimita 2.3. Nilikuwa na RAV4, nikanunua rimu nne nzuri zilizotoka kwenye Mercedes-Benz, ambazo ni 5x112. Tundu lao la kati lina milimita 66.6, likapita juu ya habu yangu (kitovu cha gari ambacho rimu hukaa juu yake) ya 60.1 bila kugusa, na fundi akachomeka bomba kwenye mpini wa spana akakaza mpaka nati zote tano zikashika. Sikujua kwamba kila stadi ilikuwa imevutwa upande, wala kwamba viti vya nati kwenye rimu za Mercedes ni vya mviringo kama bakuli, wakati nati zangu zilikuwa za koni, kwa hiyo kila nati iligusa rimu kwa ukingo mwembamba tu. Usukani ulianza kutetemeka tulipopita Mpigi, nami nikadhani ni balansi. Tulipofika Kayabwe, karibu na alama ya Ikweta ambapo wageni hupiga picha, stadi mbili za gurudumu la mbele kushoto zilikuwa zimekatika na ya tatu imelegea. Namshukuru Mungu kwamba nilisimama kwa sababu watoto walitaka kushuka.

Tangu siku hiyo sinunui rimu bila kupima mwenyewe. Rimu ya matundu manne au sita ni rahisi, kwa kuwa kila tundu lina mwenzake upande wa pili, na umbali wa katikati hadi katikati ndio PCD. Prado na Hilux, kwa mfano, ni 6x139.7. Ya matundu matano haina tundu linalotazamana na jingine, kwa hiyo pima matundu mawili yanayofuatana, kisha zidisha kwa 1.7. Kwa kuwa katikati ya tundu ni hewa tupu, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa la pili, maana umbali ni ule ule. Ukipata takriban milimita 58.8, hiyo ni 100, ukipata 67.2, ni 114.3. Ya 112 itakupa 65.8, na unaona mwenyewe kwamba futi ya fundi cherehani haiwezi kutenganisha hizo mbili za mwisho. Tafuta rula ya chuma, au afadhali vanieri, kile kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita.

Sasa wapo watakaokushauri ununue rimu za Premio au Wish kwa sababu nazo ni 5x100. Ni kweli kuhusu matundu, lakini tundu la kati la rimu hizo za Toyota lina milimita 54.1, na habu ya Subaru yako ina 56.1. Rimu itagota kwenye habu kabla haijalala. Nimeona watu wakipeleka rimu za namna hiyo kwa fundi wa mashine zikachongwe, na anayejua kazi huzifanya vizuri, ila mimi nisingeanzia huko wakati Impreza na Legacy za miaka hiyo zina rimu zinazokaa bila kuchongwa. Kuwa mwangalifu na Impreza WRX STI ya kuanzia 2005 tu, kwani hiyo ilihamia 114.3.

Jambo jingine ni nati. Stadi za Subaru zina uzi wa M12x1.25, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.25 kati ya uzi na uzi, za Toyota M12x1.5. Nati ya Toyota itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye stadi yako kisha ikaze ghafla, na kijana wa gereji akidhani ni kutu ataongeza nguvu mpaka auharibu uzi wote. Nati ianze kwa vidole, ikikataa, ivue.

Ukishapata rimu sahihi, zilale bapa kwenye habu gari likiwa juu ya jeki, kisha kaza nati kwa kuruka moja, ukifuata umbo la nyota, na umalizie kwa spana ya torki gari likiwa limeshuka chini. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena, na kwa barabara zetu za murram mimi huzikagua mapema zaidi.