Mdomo wa juu mrefu: sindano ya kujaza au upasuaji?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 38. Nafasi iliyo kati ya pua na mdomo wangu wa juu ni milimita 19 nikiipima kwa rula, na ninapozungumza meno ya juu hayaonekani kabisa. Nimechomwa sindano za kujaza midomo mara mbili, lakini mdomo ulitokeza mbele tu. Je, upasuaji wa kuinua mdomo utanifaa? Keloidi, yaani kovu nene lililovimba, iliwahi kuniota sikioni baada ya kutoga.

JIBU: Dada, kipimo ulichonipa kinaonyesha kwamba shida yako haiko kwenye unene wa mdomo, bali kwenye urefu wa ngozi iliyo juu yake. Dawa ya kujaza, ambayo mara nyingi ni asidi ya hayaluroniki, huongeza ujazo, lakini haiwezi kufupisha ngozi hata kwa milimita moja. Kuendelea kuiongeza kungezidi kuusukuma mdomo mbele, na uzito wake ungeweza hata kuushusha, ndiyo maana nakushauri usichomwe mara ya tatu.

Kinachofupisha ngozi ni upasuaji wa kuinua mdomo. Mpasuaji hukata ukanda mwembamba wa ngozi chini kabisa ya pua, wenye umbo la mawimbi linalofuata ukingo wa matundu, kisha huivuta ngozi iliyobaki juu na kuishona. Kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, na nyuzi za nje hutolewa baada ya siku 5 hadi 7 hivi. Stadi yote imo katika mambo mawili: kiasi cha ngozi kinachoondolewa, kwa kuwa iliyokatwa hairudi, na namna ya kushona tabaka la ndani, kwa sababu mvuto ukiachiwa ngozi ya juu peke yake kovu hupanuka na matundu ya pua huvutwa chini. Fahamu pia kwamba upasuaji huu huinua sehemu ya katikati tu. Pembe za mdomo hubaki zilipo.

Kabla ya hayo yote, mwone daktari wa meno. Meno yaliyosagika na kuwa mafupi hujificha hata nyuma ya mdomo wa kawaida, na hapo kisu hakina kazi. Kama dawa ya kujaza bado imo mdomoni, ni vyema iyeyushwe kwa kimeng'enya cha hayaluronidezi na uvimbe utulie, ili vipimo vichukuliwe kwenye mdomo wako halisi.

Sasa keloidi, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko yote uliyoandika. Keloidi hupenda zaidi masikio, kifua na mabega, na ni nadra katikati ya uso, kwa hiyo historia yako haifungi mlango moja kwa moja. Hata hivyo, kovu la upasuaji huu hukaa mahali ambapo kila anayezungumza nawe hutazama, na hukomaa polepole kwa muda wa hadi mwaka mzima. Mpasuaji aone sikio lako, ajue kama keloidi ile ilikua kupita jeraha au ilirudi baada ya kutibiwa, na aeleze mapema atafanya nini kovu likianza kunenepa, kwa mfano kulichoma sindano za steroidi. Asiyekuuliza lolote kuhusu makovu yako, usimruhusu akushike.

Ukiona hatari hiyo ni kubwa mno, iko sindano ya botulinamu kwa kiasi kidogo ukingoni mwa mdomo wa juu, ambayo hulegeza msuli na kuugeuza mdomo nje kidogo kwa miezi 2 au 3. Haitafupisha ngozi na huenda ikakupa tabu kunywa kwa mrija, lakini haiachi kovu. Silikoni ya maji, ambayo wengine huitumia kujaza midomo, usikubali kuchomwa na mtu yeyote, kwa kuwa hukaa mwilini daima na kuiondoa ni vigumu sana.