Kabla Hujaivaa Miwani ya Uhalisia Pepe: Kwa Wanaoanza Kazi ya Majaribio

Anayeanza kazi ya kujaribu vifaa vya uhalisia pepe (VR), yaani miwani inayofunika macho na kumwonyesha mvaaji ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, huwa na haraka ya kuvaa na kuingia ndani. Mimi pia nilianza hivyo, na kwa wiki nzima niliandika daftarini kwamba miwani niliyopewa ilikuwa na picha yenye ukungu, mpaka mwenzangu aliponiuliza umbali kati ya mboni zangu ni milimita ngapi. Sikuwa nimeupima. Kwa watu wazima umbali huo hukaribia wastani wa milimita 63, lakini wapo wenye 55 na wapo wanaofika 70, na lenzi zisipolingana na macho ya mvaaji, ukungu anaouona hauwezi kuhesabiwa kuwa kasoro ya kifaa. Kumbukumbu za wiki ile nilizifuta zote.

Pima mboni kwanza, kisha uvae kwa utaratibu. Mkanda wa nyuma ukae chini ya kisogo, na kifaa ukipandishe na kukishusha taratibu huku ukisoma maandishi madogo, hadi herufi zikae wazi. Hapo ndipo ukaze. Wageni wengi hukaza kwanza, kisha hulalamika kwamba kifaa ni kizito. Mashavu yakibaki na alama baada ya dakika kumi, uzito umebebwa na uso badala ya kichwa.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kichefuchefu. Macho hupokea habari kwamba mwili unasonga, ilhali sikio la ndani, linalotunza mizani ya mwili, halihisi mwendo wowote, na mgongano huo ndio humsumbua mtu. Picha inayochelewa kufuata kichwa huongeza tatizo, na ndiyo maana wahandisi hujitahidi ucheleweshaji usizidi milisekunde 20 hivi. Usijikaze ili uonekane mzoefu. Ukihisi jasho jembamba au mate kujaa kinywani, vua papo hapo na upumzike mpaka hali ipite kabisa, kwa sababu mtu aliyekwisha kuvurugika tumbo hukichukia kila kitu anachoonyeshwa, hata menyu iliyopangwa vizuri.

Kwa washiriki wako, yaani watu wanaokuja kukijaribu kifaa, tumia dodoso la dalili 16 za kichefuchefu cha aina hii, liitwalo Simulator Sickness Questionnaire (SSQ), lililochapishwa mwaka 1993 na kutumika sana tangu hapo, na ulijaze nao kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Ile sehemu ya kabla ndiyo hurukwa. Niliwahi kumwandika mshiriki kuwa ameumizwa kichwa na programu yetu, kumbe alikuja nacho kikimuuma tangu asubuhi.

Ufuatiliaji wa mikono kwa kamera, yaani kifaa kuitazama mikono ya mvaaji ili aitumie kubonyeza vitu anavyoviona, una mipaka yake. Mkono mmoja ukiufunika mwingine, kifaa hukisia tu. Chumba chenye giza, au kioo kikubwa ukutani, huzidisha makosa. Andika hali ya mwanga na vitu vilivyomo chumbani katika kila jaribio, hata pale unapoona hakuna jipya. Ukiweka vitufe vinavyoonekana hewani juu kiasi kwamba mikono inabaki imeinuliwa, mabega yatachoka ndani ya dakika chache, na mshiriki ataanza kukosea kwa sababu isiyohusiana kabisa na ulichotaka kukipima.

Mshiriki anapobonyeza hewani mara tatu bila kitu kutokea, nyamaza. Ni vigumu, nakiri, hasa anapogeuka kukutafuta huku hakuoni. Andika mkono wake ulifika wapi na alibonyeza kwa kidole kipi, kisha umwulize baada ya kuvua, kwa kuwa ukimwelekeza mapema hutajua tena alidhani kitufe kiko wapi.

Mkimaliza, futa sehemu inayogusa uso kabla ya mtu mwingine kuvaa, na usikiache kifaa karibu na dirisha lenye jua. Lenzi hizo hukusanya mwanga kama kioo cha kukuzia, na doa lililoungua kwenye skrini halifutiki.