Maswali Yenu: Siku ya utamaduni imeisha, Jumatatu tunafundisha nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nafundisha maarifa ya jamii darasa la sita, watoto 40 na kitu, wanatoka kila kona, wengine hata lugha tunayofundishia wameanza kuisikia hapo hapo shuleni. Mkuu wetu katoka semina anasema tufundishe kwa kuzingatia utamaduni wa mtoto na tueneze shule nzima. Tukafanya siku ya utamaduni, watoto wakavaa, wakacheza, tukapiga picha, basi. Jumatatu nikafungua kitabu kile kile ukurasa ule ule. Ndo yenyewe hiyo au kuna kitu sijaelewa? Na silabasi ntaimaliza saa ngapi jamani?
Mwalimu niliyechoka

JIBU: Pole mwalimu, ila hongera pia, maana wengi wakishapiga picha wanalala usingizi, wewe Jumatatu umeshtuka kwamba kitabu hakijabadilika.

Kuna msomi mmoja wa Marekani, James Banks, alilipanga hili jambo kwa ngazi nne. Ya chini kabisa ndo hiyo yenu, mashujaa na sherehe. Ya pili unachomeka sura moja ya "watu wengine" huku kitabu kikibaki kama kilivyo. Ya tatu ndo utamu unaanza, tukio lile lile mnaliangalia upya kwa macho ya watu tofauti waliohusika. Ya nne watoto wenyewe wanachagua tatizo la jamii yao wanalifanyia kitu. Siyo dhambi kuwa ya kwanza, ila mkikaa hapo miaka kumi mtakuwa mnafundisha nguo tu.

Ngazi ya tatu haihitaji hata shilingi wala kipindi cha ziada, niamini. Chukua ile sentensi maarufu, "Columbus aligundua Amerika mwaka 1492". Mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni miaka na miaka bila kushtuka. Sasa waulize watoto, tarehe 12 Oktoba meli zinafika, ufukweni kulikuwa na nani? Kisiwa kile kilikuwa na wenyewe, Walukayo, na kilikuwa na jina, Guanahani, na jina hilo tunalijua kwa sababu wageni wenyewe waliliandika, ingawa walikibatiza San Salvador. Halafu wape kazi moja tu: andika sentensi ile upya bila kutumia neno "gundua". Utaona vurugu yake. Mmoja ataandika alifika, mwingine alivamia, na kuna wa nyuma kule atasema alipotea, na ukimbana anakujibu si alidhani yuko Asia? Na kweli alidhani hivyo, mpe maksi zake. Hapo hapo mtoto aliyehama juzi, ambaye anajua mgeni akifika mahali watu wanabadilishiwa hata majina, ana la kuchangia kuliko yule anayekariri vizuri.

Silabasi sasa. Watu wanadhani ukileta utamaduni unapunguza masomo. Gloria Ladson-Billings, msomi mwingine wa elimu wa Marekani ambaye maandishi yake ya 1995 ndo yalivumisha hii habari ya kufundisha kwa kuzingatia utamaduni, alikaa na walimu wanane waliokuwa wanafanikiwa na watoto weusi kule Marekani, na katika mambo matatu aliyoyataja la kwanza ni mtoto afaulu masomo yake kweli kweli. La pili asilazimike kuacha utamaduni wa kwao ili afaulu, la tatu ajifunze kuhoji mambo yasiyo ya haki. Kwa hiyo tarehe, ramani na majina ya mtihani vinabaki. Usiongeze kitu, badilisha swali la kufungulia kipindi. Mada moja kwa muhula inatosha, iandalie vizuri, ikikubali mpe mwenzako wa darasa la tano maandalio yako akaijaribu kwake. Shule nzima inaenea hivyo, kwa walimu kupeana, siyo kwa tangazo la kwenye mkutano.

SWALI: Mwanangu ni peke yake wa asili yetu darasani. Kila mada ikigusa watu wetu mwalimu anamgeukia, "hebu tuambie, nyie kwenu mnafanyaje?" Ana miaka kumi, mambo mengine hata mimi siyajui! Sasa hivi somo lenyewe halitaki. Nifanyeje?
Mama wa mmoja

JIBU: Mama, mtoto siyo balozi. Mwalimu wake nadhani ana nia nzuri tu ila kamtwisha mzigo wa watu wazima mbele ya wenzie, na mtoto wa umri huo anachotaka ni asionekane tofauti.

Dawa yake ni swali liende kwa darasa zima na lijibiwe nyumbani. Mwaka 1992 mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake waliandika kuhusu kazi yao ya Tucson, Arizona, walimu walikuwa wanaenda majumbani kwa familia zenye asili ya Mexico, siyo kushtaki mtoto bali kujifunza, wakakuta humo watu wanajua kilimo, ujenzi, biashara, tiba za mimea, vitu ambavyo shule haikuwahi kuuliza. Kwa hiyo mpendekezee mwalimu swali kama hili kwa watoto wote: "muulize mtu mzima anayekulea, kazi gani aliijua bila kufundishwa shuleni na nani alimfundisha?" Hapo kila mtu ana cha kuleta, hakuna anayesimamishwa kama maonyesho. Na ona nimesema anayekulea, sijasema baba na mama, kuna watoto swali la baba linawaumiza.

Nenda umwone baada ya vipindi, mkiwa wawili, usianze na lawama, mwambie tu mtoto anaogopa kuangaliwa. Akikujibu vibaya niandikie tena.